Nani Atamtambua Daktari?

Nilimkataa Matt Smith mwaka mzima kabla sijamsikia akitamka neno hata moja kama Daktari. BBC ilimtangaza tarehe 3 Januari 2009, kijana wa miaka 26 ambaye jina lake sikuwahi kulisikia, na uso wake haukuonekana ndani ya Doctor Who mpaka Januari mosi ya 2010, mwishoni kabisa mwa kipindi cha kumuaga David Tennant. Muda wote huo hoja zangu zilikuwa tayari: mdogo mno, kidevu kirefu, hana uzito wa mtu aliyeishi karne tisa. Usiku ule Tennant aliposimama peke yake ndani ya chombo chake na kusema hataki kuondoka, nililia. Kisha nikazima televisheni kabla yule kijana hajajishika nywele na pua kujua amekuwa nani.

Kwa asiyeifuata, hii ni tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ya Uingereza iliyoanza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Mhusika wake mkuu ni msafiri kutoka sayari nyingine anayejulikana kwa jina la Daktari tu, na chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza, kwa ndani kikubwa kuliko jumba. Anapokaribia kufa, mwili wake wote hugeuka: anaibuka na sura nyingine, sauti nyingine, hasira na mapenzi mengine, huku kumbukumbu zake zote akiwa nazo. Nyoka akijivua gamba hubaki nyoka yule yule chini ya ngozi mpya. Daktari hubadilika hadi chakula anachokipenda. Ndiyo maana tamthilia imevuka miaka 60, na ndiyo maana sisi mashabiki wake tuna msiba wa aina yake, kila baada ya miaka michache kufiwa na mtu ambaye hajafa.

Wanaotutazama kwa nje husema hatupendi mabadiliko. Sikubaliani nao. Asiyependa mabadiliko hawezi kudumu na hadithi ambayo kila wiki inahamia sayari nyingine au karne nyingine. Nimezirudia zamu zote nilizoweza kuzipata, tangu ya kwanza, na kila mara nimejikuta nikimwacha mwigizaji mpya na kuangalia waliosimama pembeni yake. Je, yupo mtu ndani ya hadithi aliyempenda yule wa zamani, anayemtazama huyu mpya na kuuliza swali lile lile linalotuchoma sisi? Kwa maoni yangu, jibu la swali hilo linaeleza mapokezi ya kila Daktari kuliko umri wake, sura yake au jinsia yake.

Tuanzie 1966. William Hartnell, Daktari wa kwanza, alikuwa anaumwa. Mishipa yake ya damu ilikuwa ikikakamaa, maneno ya mchezo yakimpotea, na katika hadithi yake ya mwisho, The Tenth Planet, kipindi kizima cha tatu kilichezwa bila yeye kwa sababu hakuweza kufika studio. Tamthilia ilikuwa na watazamaji, BBC haikutaka kuifunga. Mtayarishaji Innes Lloyd na mhariri wa hadithi Gerry Davis wangeweza kumtafuta mzee mwingine mwenye nywele nyeupe na kuomba watu wasitie neno. Badala yake, Jumamosi ya tarehe 29 Oktoba, Hartnell alianguka kwenye sakafu ya TARDIS, uso wake ukafunikwa na mwanga, na aliyeinuka alikuwa Patrick Troughton, mfupi, mweusi wa nywele, mchangamfu, suruali ikimpwaya.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyoamua hatima ya tamthilia. Katika The Power of the Daleks, wenzake wawili wa safari, Ben na Polly, hawakubaliani. Polly anaelekea kumwamini. Ben, baharia, hataki kabisa. Analeta pete ya Daktari na kumvisha, pete haimkai. Huyu mpya naye hawasaidii, maana anamzungumzia Daktari kana kwamba ni mtu wa tatu asiyekuwepo. Akitazama kioo anaona uso wa Hartnell. Mtazamaji aliyekaa kwake na kinyongo chake alimkuta Ben mle ndani ya televisheni akiwa na kinyongo hicho hicho, akikisema kwa sauti. Na anayemaliza ubishi ni adui, Dalek, ambayo inamtazama mtu huyu asiyefanana hata kidogo na yule wa zamani, ikamtambua. Sijaona ujanja wa uandishi wenye huruma kuliko huo. Rafiki anaweza kudanganywa na mapenzi yake, adui hana sababu ya kumpa mtu jina lisilo lake.

Inauma kwamba hakuna kipindi hata kimoja cha hadithi hiyo kilichohifadhiwa kikamilifu. BBC ilizifuta kanda zake nyingi za miaka ya 1960, na sauti ndiyo iliyobaki, iliyonaswa na mashabiki majumbani mwao. Mwaka 2016 ilitengenezewa picha za katuni. Troughton aliathirika kuliko wenzake wote kwa ufutaji huo, na kwa miaka mingi alihukumiwa na watu ambao hawakuwa wamemwona. Hukumu ilibadilika kwa njia iliyopita Afrika. BBC ilikuwa ikiuza nakala za filamu kwa vituo vya televisheni vya nje, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya Troughton vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana katika kituo cha Jos, Nigeria. Ndani ya The Enemy of the World anaonekana akicheza watu wawili, Daktari na dikteta, na anawatenganisha kwa mabega na macho. Waliomwita mchekeshaji walinyamaza.

Njia hii ya Lloyd na Davis haikuwa ya lazima, na ukitazama tamthilia nyingine unaona walivyothubutu. Marekani, katika Bewitched, mume wa mhusika mkuu alibadilishwa mwaka 1969 kutoka Dick York, aliyekuwa na maradhi ya mgongo, kwenda Dick Sargent, na hakuna aliyepepesa jicho ndani ya hadithi. Watazamaji waliachwa na mshangao wao. Babylon 5 ilifanya vingine: baada ya msimu wa kwanza, kamanda aliyechezwa na Michael O'Hare aliondoka, akaja nahodha mwingine, mtu mwingine kabisa, akichezwa na Bruce Boxleitner. Mashabiki walibishana miaka na miaka juu ya sababu. O'Hare alikuwa akipambana na maradhi ya akili, na mwandishi J. Michael Straczynski alitunza siri hiyo kwa ahadi mpaka baada ya kifo cha mwenzake mwaka 2012. Kisha ipo njia ya kutoziba pengo kabisa. Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, waliotengeneza Black Panther hawakumpa mtu mwingine nafasi ya T'Challa. Filamu iliyofuata ilianza kwa mazishi, na uso wa Mkenya Lupita Nyong'o ndani yake ni uso wa mtu anayeomboleza kweli. Ilikuwa sahihi. Lakini T'Challa akabaki kaburini, na watoto waliokuwa wakimsubiri hawakumpata tena. Doctor Who peke yake ndiyo inayotuambia yote mawili kwa pamoja, kwamba amekwenda na kwamba ni huyu hapa. Mtu hawezi kuambiwa hivyo akakubali papo hapo. Anahitaji msaidizi.

Zamu kadhaa zilizofuata zilienda vizuri kwa sababu msaidizi alikuwepo. Jon Pertwee, 1970, alimkuta Brigedia Lethbridge-Stewart, askari aliyemjua Troughton, amesimama kando ya kitanda cha hospitali akisema huyu simjui. Tom Baker, 1974, alimpata Brigedia huyo huyo na mwenzake wa safari Sarah Jane Smith, na ni katika hadithi iliyomleta ndipo geuko hili lilipopata rasmi jina linalotumika hadi leo. Baker alikaa miaka saba, muda mrefu kuliko wote, na skafu yake ndefu ikawa alama ya tamthilia nzima. Peter Davison alimpokea mwaka 1981 mbele ya marafiki watatu waliobabaika naye. Alidumu miaka mitatu, kama Troughton alivyomshauri.

Balaa lilianza kwa aliyemfuata Davison, na hapa ndipo nilipoanza kuamini nadharia yangu. Machi 1984, mwishoni mwa The Caves of Androzani, Daktari wa Davison na mwenzake Peri wameingiwa na sumu. Dawa inamtosha mmoja. Anampa Peri, yeye anakufa sakafuni, na Colin Baker anainuka. Wiki iliyofuata, katika The Twin Dilemma, Daktari mpya anamkaba Peri koo akitaka kumuua. Waliotengeneza walitaka Daktari mgumu, asiyetabirika, ambaye tungempenda polepole. Lakini Peri ndiye aliyekuwa shahidi wetu. Mtu aliyekufa kwa ajili yake siku chache nyuma sasa anamnyonga, na akimaliza anamwambia, kwa ufupi, azoee. Msimu ukaishia hapo. Watazamaji wakakaa na picha hiyo hadi Januari 1985. Jarida la mashabiki, Doctor Who Magazine, lilipowaomba wasomaji mwaka 2009 wazipange hadithi zote 200 za wakati huo, The Caves of Androzani ilikuwa ya kwanza na The Twin Dilemma ya mwisho. Hadithi mbili zilizopishana kwa siku chache.

Colin Baker hakustahili kubebeshwa lawama hiyo. Hata lile koti lake la rangi zinazogombana hakulitaka. Yeye aliomba nguo nyeusi. Mwaka 1985 tamthilia ilisimamishwa kwa miezi 18, na mwaka uliofuata mkuu wa BBC1, Michael Grade, akaamuru abadilishwe. Kwa uchungu wa kufukuzwa alikataa kurudi kupiga picha ya kufa kwake, na mimi naona haki ilikuwa upande wake. Basi mwaka 1987 Sylvester McCoy akavalishwa wigi la mtangulizi wake, akalazwa kifudifudi sakafuni, akageuzwa, uso ukiwa umefifishwa. Daktari wa sita hakupewa hata sentensi moja ya kwaheri, na tamthilia ikazimwa Desemba 1989. Mashabiki tulikuja kumpenda Baker baadaye, kwa sauti tu, katika michezo ya kusikiliza aliyoanza kuirekodi mwaka 1999, ambamo Daktari wake alipewa muda wa kulainika. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba mwigizaji alikuwa anaweza tangu mwanzo.

Russell T Davies alipoifufua tamthilia mwaka 2005 alikuwa shabiki aliyezisoma ajali hizo zote. Christopher Eccleston aliondoka baada ya vipindi 13 tu, habari za kuondoka kwake zikavuja siku chache baada ya kipindi cha kwanza, na BBC ikalazimika kukiri kwamba maelezo iliyoyatoa kwa jina lake hayakuwa na idhini yake. Wakati mbaya wa kubadilisha mtu. Davies akafanya nini? Krismasi ya mwaka huo alimlaza Tennant kitandani, amevaa pajama, hajitambui, karibu kipindi kizima, na kamera akampa mwenzake wa safari, Rose Tyler, akichezwa na Billie Piper. Rose analia kwamba Daktari amemwacha. Anajaribu kusimama mbele ya wavamizi kama Daktari alivyosimama, anashindwa. Kufikia dakika Tennant anapofungua mlango wa TARDIS na kuuliza kama walimkosa, sote tulikuwa tumemkosa. Mimi nilianza hapo, kwa diski ya kuazima. Kila shabiki ana Daktari anayemwita wake, kwa kawaida yule aliyemkuta, na huyo ndiye wangu.

Ndiyo maana nilichelewa kumwona Smith. Nilipokubali hatimaye kukaa kumtazama, sikuwa na Ben wala Rose, kwa kuwa wenzake wote wa zamani walikuwa wameondoka. Mwandishi Steven Moffat akanipa shahidi wa aina nyingine: mtoto wa miaka saba, Amelia Pond, anayempokea mtu mwenye nguo zilizochanika uani kwake usiku, anamtengenezea vidole vya samaki na kastadi, kisha anaahidiwa dakika tano na kusubiri miaka 12. Amelia hakumpenda Tennant, hakumjua. Lakini aliachwa, na mimi nilikuwa nimeachwa. Ilitosha. Nilipomaliza kipindi kile kidevu sikukiona tena.

Peter Capaldi, 2014, alihitaji zaidi, kwani baada ya Smith mashabiki wachanga walikuwa hawajapata kumwona Daktari wa miaka 55 mwenye mvi na ukali. Mwenzake Clara anauliza waziwazi kama inawezekana kumrudisha alivyokuwa. Mwisho wa Deep Breath, kipindi cha kwanza cha Capaldi, simu ya Clara inalia, ni sauti ya Smith, imepigwa kabla ya kifo chake, ikimsihi amsaidie huyu mzee kwa sababu ana hofu kuliko yeye. Wapo waliosema huko ni kuwabembeleza watazamaji. Sawa, ni kubembeleza, na aliyefiwa hubembelezwa.

Sasa nifike 2017, mahali penye vumbi jingi. Tarehe 16 Julai, baada ya fainali ya wanaume ya Wimbledon, BBC ilionyesha filamu fupi ya mtu akitembea msituni, akavua kofia ya koti, na alikuwa Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kutangazwa kushika nafasi hiyo. Peter Davison alisema anasikitika wavulana wamepoteza kielelezo. Colin Baker akampinga hadharani. Wengine wengi walitumia maneno nisiyoweza kuyarudia. Nataka kuwatenganisha watu hawa. Anayeomboleza anauliza itakuwaje, na akionyeshwa hubadilika. Mwenye dharau ameshakata hukumu na hana anachosubiri. Nilikuwa wa kundi la kwanza kwa Smith, kwa hiyo nalijua, na siwezi kulifananisha na chuki dhidi ya wanawake.

Lakini uandishi haukuwasaidia walioomboleza. Capaldi alijigeuza Krismasi ya 2017 akiwa peke yake ndani ya TARDIS. Wenzake, Bill na Nardole, walishaondoka. Whittaker akatupwa nje ya chombo, akaangukia ndani ya treni Sheffield, katikati ya watu ambao hawakuwahi kumsikia Daktari. Kwa wenzake wapya, Yaz, Ryan na Graham, alikuwa mwanamke huyo tangu dakika ya kwanza. Badiliko kubwa kuliko yote tangu 1966 likapita kwa utani mmoja kuhusu Mskoti mwenye mvi. Watu karibu milioni 11 walikitazama kipindi hicho cha Oktoba 2018, idadi ambayo tamthilia ilikuwa haijaiona kwa miaka, na walikuja kwa sababu walikuwa na swali. Hakuna aliyewekwa pale kuliuliza. Whittaker alikuwa na kila kinachohitajika, furaha na mwendo na macho ya mtu anayeona kila kitu kwa mara ya kwanza. Pete haikumwangukia mkononi mtu yeyote ili tuone isivyomkaa.

Kosa la zamu ya Ncuti Gatwa, Daktari wa baadaye, lilikuwa kinyume chake, na si lake. Mashahidi walikuwepo, Donna na Mel, wenzake wa zamani wa Daktari, wamemshika mikono. Ila katika The Giggle, Desemba 2023, Tennant, aliyekuwa amerudi kwa sherehe za miaka 60, hakuondoka. Aligawanyika, Gatwa akatoka ubavuni mwake, na yule wa zamani akabaki hai, akila chakula cha mchana na familia ya Donna bustanini. Nilipoiona nilifurahi, Daktari wangu hafi tena. Baada ya wiki nikaanza kuona tulichomnyima mgeni. Hakuna aliyemlilia yeyote, na pasipo kilio hapakuwa na nafasi iliyoachwa wazi. Kijana alikabidhiwa nyumba ambayo mwenyewe bado yumo.

Na huyu kijana alikuwa na maana kwetu watu wa ukanda huu. Gatwa alizaliwa Kigali mwaka 1992. Familia yake ikakimbia mauaji ya kimbari ya 1994 na kupata makao Uskoti. Jina Ncuti kwa Kinyarwanda ni rafiki. Jo Martin alikuwa amemtangulia mwaka 2020 kama Daktari wa siri, mwanamke Mweusi, lakini Gatwa ndiye wa kwanza Mweusi kuibeba tamthilia yenyewe, na matusi ya rangi yalimfuata. Mei 2025 Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, alimwandikia The Story & the Engine, kipindi cha kinyozi wa Lagos. Daktari anaeleza kwamba huu ndio mwili wake wa kwanza Mweusi, na kwamba kwenye kiti cha kinyozi yule hapokewi kwa mashaka. Wanamjua, ni wao. Kwangu hapo ndipo Gatwa alipopata mashahidi wake, mwaka mmoja na nusu baada ya kuanza. Alichelewa kuwapata na aliondoka mapema. Tarehe 31 Mei 2025, baada ya misimu miwili ya vipindi vinane vinane, alifungua mlango wa TARDIS akiwa peke yake, akiitazama nyota, akawaka.

Aliyetokea alikuwa Billie Piper. Uso wa Rose. Maandishi ya mwisho yalilitaja jina lake bila kusema anacheza nani, na Oktoba mwaka huo BBC ilitangaza kwamba Davies ataandika kipindi cha Krismasi ya 2026. Nimeitazama sekunde ile mara nyingi. Namwona yule msichana wa 2005 aliyekaa kando ya kitanda akimlilia mtu aliyebadilika mbele ya macho yake, na sasa uso huo huo unatabasamu ndani ya TARDIS tupu. Hakuna Polly wala Ben wa kuleta pete. Pale pembeni ya kitanda, alipokuwa amekaa Rose, hapana mtu.